Wimbo Uliofika Kabla ya Msiba

Mtu mmoja alikuwa na wimbo mmoja wa msiba, na ulimtosha kwa misiba yote. Aliitwa Zabroni. Watu walimwita Mwalimu kwa sababu alifundisha kwaya, na pia kwa sababu katika kijiji kile cha machimbo mtu yeyote aliyevaa shati la kola siku ya kazi aliitwa mwalimu.

Wimbo wenyewe ulikuwa mzuri, nisimnyime haki yake. Aliutunga ujanani alipofiwa na mama yake, na machozi ya siku ile yalikuwa ya kweli. Lakini baadaye aligundua kwamba machozi yale yanaweza kutumika tena. Alipofariki mchungaji, alibadili ubeti wa pili. Alipofariki diwani, alibadili ubeti wa pili. Lori lilipopinduka mteremkoni na watu wa mnadani, alibadili ubeti wa pili akaongeza ngoma. Mahali pa jina la marehemu palibaki wazi daima, kama kiti cha mgeni rasmi.

Na wimbo ule ulikuwa na jambo moja ambalo watu walitoka mbali kuja kulisikia. Mwisho wa kila ubeti, kwaya nzima ilinyamaza kwa ghafla. Si kupunguza sauti. Kunyamaza kabisa, pumzi imeshikwa, mkono wa Mwalimu uko juu hewani. Alikiita kimya cha machozi. Kazi yake ilikuwa kuwapa waliofiwa nafasi ya kupiga yowe bila kugombana na waimbaji, na waliofiwa waliitumia vizuri. Kule kijijini, mtu ambaye hakulia kwenye kimya cha Zabroni aliulizwa kama alikuwa na ugomvi na marehemu.

Kwaya ya kijiji cha juu ilikuwa na sauti nzuri zaidi, na sare zilizoshonwa na fundi mmoja, wakati za Zabroni zilishonwa na kila mtu kwao. Zabroni alikuwa na kasi. Habari ikitangazwa adhuhuri, kabla jua halijazama watu wake walikuwa wamekwisha kuujua ubeti wa pili, na mtangazaji wa redio ya mkoani alikuwa akisema: "Na huko machimboni, kwaya ya Mwalimu Zabroni tayari imeguswa." Zabroni alilipenda neno "imeguswa". Neno "tayari" alilipenda zaidi.

Siku moja alfajiri, shimo liliporomoka. Pale machimboni shimo la kuchimbia huitwa duara, na duara hili lilikwenda chini sana, kisha likapinda pembeni kama kiwiko cha mkono. Kuta zake ziliegemezwa na magogo, na magogo yale yalikuwa yamechoka. Kila mtu alijua yamechoka. Kamati ya machimbo ilikuwa imekwisha kaa vikao juu ya uchovu wake na ilikuwa inakaribia kuafikiana. Magogo hayakungoja. Ndani walikuwamo wachimbaji watatu, na mmoja wao alikuwa Lubango, mume wa Perusi. Na Perusi aliimba sauti ya pili katika kwaya ya Zabroni.

Redio ya adhuhuri ilisema: duara limeporomoka, watu watatu wamo ndani, wenzao wanachimba. Ilisema hayo tu, kisha ikaendelea na bei ya pamba. Haikusema wamekufa.

Zabroni alikuwa anakula. Aliacha ugali ukapoa. Ninyi mnaomhukumu mapema, subirini kidogo: hakuwa na roho mbaya. Alilia kweli, maana alimjua Lubango na aliwajua wale wengine wawili. Lakini huku macho yakilia, kidole kilikuwa kimeanza kupiga mapigo mezani. Habari ilikuwa haijaisha, na wimbo hauwezi kuimbwa na habari isiyoisha. Wimbo unataka mwisho, unataka na kina cha kuufungia. Redio ilipomnyima mwisho, Zabroni akautoa kwake mwenyewe. Ubeti wa pili ndio uliowaua.

Jioni ile wimbo ulisikika hewani, na kwaya ikawa tayari imeguswa. Sasa, afisa tarafa alikuwa ofisini kwake akisubiri taarifa rasmi. Aliusikia wimbo, akauchukua kuwa ndiyo taarifa rasmi. Naye pia hakuwa mjinga. Aliwaza kama tunavyowaza wengi wetu, kwamba watu hawawezi kuimba vizuri namna ile juu ya jambo ambalo halijatokea.

Asubuhi yake ikaja kamati ya maafa. Ilikuja na hema, na viti, na vipaza sauti viwili, na shada la maua lililofungwa kwa utepe. Ilikuja pia na ratiba, na ratiba ilikuwa imesainiwa: sala, wimbo, neno la mgeni rasmi, kuweka shada. Wachimbaji walikuwa bado wanachimba kwenye mdomo wa shimo, na mikono yao ilikuwa imechubuka. Lakini kuchimba hakukuwamo katika ratiba, kwa hiyo kulionekana kunafanyika nje ya utaratibu, na msafishaji wa eneo aliwaomba wasitupe udongo upande wa viti.

Msiniulize hema ni nini. Wengi wenu mmeketi ndani yake.

Ni lazima mjue desturi mbili za watu wale, maana bila hizo hamtaona hatari ilikuwa wapi. Ya kwanza ni kwamba wimbo wa msiba ukianza, hakuna anayebaki na jembe mkononi. Chombo hulazwa chini na kofia huvuliwa. Ya pili ni kwamba shada likishawekwa juu ya shimo, shimo limekuwa kaburi, na kaburi halichimbwi. Hakuna aliyetaka kuwaua wale watatu. Kila mmoja pale alikuja kwa heshima. Na kwa heshima ile ile, ikifika saa ya chakula cha mchana, watakuwa wamewazika wazima.

Kwaya haikupewa viti. Ilipelekwa kwenye mwamba ulio wazi, mbali na mdomo wa shimo, juani, ili isiwazibe wageni waliokuwa hemani. Zabroni alipohesabu watu wake kwa macho, aliona pengo. Akaenda hadi shimoni akamkuta Perusi anatoa udongo kwa karai.

"Dada Perusi, pole sana," alisema. "Njoo ujipange. Sauti ya pili imepwaya bila wewe."

Perusi akaweka karai chini. Tangu jana watu walikuwa wanampa pole, na kila pole aliyoijibu ilimfanya ajione mjane zaidi kidogo. Labda aliona ni nafuu kusimama mahali ambapo hatajibu. Akaenda akasimama kwenye mstari wake, na udongo mikononi.

Mwongoza ratiba akakohoa kwenye kipaza sauti. Sala ikaisha. Zabroni akainua mkono, na kwaya ikaanza, polepole, kama watu wanaobeba kitu kizito:

Mmeshuka chini sana,
taa zenu mkononi,
mwatuacha mlangoni,
twawaita, hamjibu.

Tangu mstari wa kwanza, kule shimoni majembe yalianza kulazwa, moja baada ya jingine. Kofia zikavuliwa. Mchimbaji aliyekuwa bado ndani ya shimo alivutwa juu kwa kamba, naye akaja huku anaomba radhi, maana ni aibu mtu kukutwa na sururu wakati wenzake wanaomboleza. Kwaya ikafika "hamjibu". Mkono wa Zabroni ukabaki juu. Kimya cha machozi.

Na watu wakalia. Kilima kizima kilipiga yowe. Afisa tarafa akatoa leso iliyopigwa pasi. Zabroni alikisikia kilio kile, na moyo wake, Mungu amsamehe, ulifurahi, kwa sababu alijua wimbo umefika.

Perusi hakulia. Hakuwa hata ameimba. Alisimama amefumba mdomo tangu mwanzo, na macho yake hayakuwa kwa Mwalimu. Yalikuwa kule chini, kwenye majembe yaliyolala. Alikuwa ameyaona yakilala. Alimwona na yule wa kamba akitolewa. Kilio kilipopungua, akatoka kwenye mstari, jambo ambalo katika kwaya ile hufanywa na mtu anayezimia tu.

"Mwalimu," alisema, "huu nitauimba siku nikimwona amekufa. Leo sijamwona. Leo nipe wimbo wa kuchimbia."

Hakusema kwa sauti kubwa, lakini alikuwa amesimama karibu na kipaza sauti cha pili, kilichowekewa kwaya, na kilima kizima kilisikia.

"Ubeti wa pili, Mwalimu," mwongoza ratiba alisema kwenye kipaza sauti cha kwanza. "Tuko nyuma ya muda, na shada linanyauka."

Zabroni alisimama. Hakuwa na wimbo wa kuchimbia. Katika umri wake wote hakuwahi kumtungia mtu ambaye huenda akajibu. Alitazama alikokuwa anatazama Perusi, akayaona majembe, na akaelewa ni nani aliyeyalaza pale. Waimbaji walimsubiri. Ubeti wa pili ulikuwa midomoni mwao, na ndani yake mlikuwa na majina matatu.

"Mahadhi ni yale yale," aliwaambia. "Ila haraka. Haraka kama mtu analima. Rudieni ubeti wa kwanza. Msiseme 'mwatuacha', semeni 'sisi tupo'. Na mwisho msiseme 'hamjibu'. Semeni 'tujibuni'."

"Lakini Mwalimu, ulitufundisha 'hamjibu'," akasema mmoja wa sauti ya kwanza, mtu wa kupenda usahihi.

"Nilifundisha vibaya. Tuimbe."

Wakaimba:

Mmeshuka chini sana,
taa zenu mkononi,
sisi tupo mlangoni,
twawaita, tujibuni!

Hata vina vilikaa vizuri zaidi. Na safari hii sauti ya pili ilikuwapo, tena ilikuwapo sana. Hakuna aliyewaamuru wachimbaji. Lakini mahadhi ya jembe hufahamika mikononi kabla hayajafika masikioni. Mmoja akainama, akaokota, akapiga. Wa pili akapiga. Kufikia mstari wa tatu walikuwa wanapiga wote kwa pamoja, na kufikia wa nne walikuwa wameinua wote kwa pamoja, wakati kwaya inaita "tujibuni".

Kisha mkono wa Zabroni ukabaki juu. Hakukusudia. Ulikuwa umezoea tu. Miaka yote ulikuwa ukibaki juu mahali pale. Na kwaya, iliyozoea vilevile, ikanyamaza. Majembe yakasimama hewani, maana hakuna aliyejua pigo linalofuata litakuja lini. Ila sasa hakuna aliyelia. Ni vigumu sana mtu kupiga yowe akiwa ameinua jembe. Kwa mara ya kwanza tangu wimbo ule utungwe, kimya chake kilikuwa kimya.

Katika mstari wa besi alikuwapo mtu aitwaye Kashindye, ambaye viatu vya sare vilimbana, na kwa hiyo alivivua kila alipoona Mwalimu hatazami. Alikuwa peku juu ya mwamba. Akainama akatazama miguu yake kama mtu aliyekanyagwa.

"Mwalimu," akasema, "mwamba unanigonga."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha msibani. Zabroni hakucheka. Akaurudia ubeti, akaufikisha "tujibuni", akanyamazisha kila kitu, hadi mtoto aliyekuwa ananyonya. Na wote waliokuwa juu ya mwamba wakasikia. Ilitoka chini, hafifu, chuma juu ya jiwe. Ikagonga, ikapumzika, ikagonga tena.

Watu wote waliamini wale watatu wako chini kabisa ya shimo, kwa hiyo walikuwa wanachimba mdomoni, mbali. Kumbe walikuwa wamekimbilia kwenye kile kiwiko, na kiwiko kilipita chini ya ule mwamba wa jua, ambako kamati ilikuwa imewapeleka watu wasiohitaji viti.

Perusi alikimbilia jembe, akarudi nalo kabla ya mtu mwingine yeyote. Wachimbaji wakaja nyuma yake. Afisa tarafa naye akaja, akiwa bado ameshika leso, akauliza kama sehemu ile imeidhinishwa kuchimbwa. Swali lile halikujibiwa, na nadhani ndilo swali pekee la afisa yule ambalo halikujibiwa mwaka ule. Tatizo likawa magogo. Ubavu wa kilima ukichimbwa bila kuegemezwa ungewaangukia waokoaji na waokolewaji kwa pamoja, na magogo mazuri yalikuwa mbali. Watu wakasimama wanatazamana. Kisha, bila kusemezana, wakageuka wote kulitazama hema.

Lilikuwa hema zuri. Lilikuwa na nguzo nene za mti, na lilikuwa mali ya umma. Afisa tarafa alilitazama kwa muda. Akaitazama hotuba iliyokuwa mfukoni mwake. Akavua koti.

"Vunjeni," alisema. "Nitaandika kwamba lilichukuliwa na upepo."

Kwa hiyo nguzo za hema la wageni zikaingia ardhini kushikilia kuta, na wageni rasmi wakakaa juani na kwaya, na ikaonekana kwamba jua halina madhara makubwa kwa wageni rasmi. Wakachimba kwa zamu. Wasiokuwa na zamu waliimba. Kila mwisho wa ubeti walinyamaza wakasikiliza, na kila walipojibiwa walisogeza majembe kufuata sauti. Kuna wakati jibu lilikawia. Wanasema ubeti uliofuata hapo uliimbwa na afisa tarafa pia, kwa sauti isiyo ya kwanza wala ya pili wala ya tatu wala ya nne.

Kesho yake, umande ukiwa bado haujakauka, jembe likatoboa. Akatoka mmoja, akatoka wa pili, na wa mwisho akatoka Lubango, mweupe kwa vumbi kama mtu aliyepakwa unga. Perusi alimshika usoni kwa mikono miwili. Watu wakampa maji. Na kwa kuwa kuweka shada kulikuwamo katika ratiba, na ratiba ilikuwa imesainiwa, afisa tarafa akalichukua lile shada lililonyauka akamvisha Lubango shingoni. Lubango alilitazama. Akatazama kwaya na sare zake.

"Poleni," alisema. "Jana nani alikufa?"

Wanakwaya wakatazama chini.

"Maana tuliwasikia juu yetu. Nikawaambia wenzangu, huo ni wimbo wa Mwalimu, kuna mtu kafa huko. Tukavua kofia." Akanywa maji tena. "Halafu nikakumbuka kwamba mwisho wa ubeti huwa mnanyamaza. Huyu mke wangu huuimba jikoni, na akifika pale hunyamaza hata chakula kikiungua. Nikawaambia, jamani, tungoje kile kimya. Kikifika, tugonge kwa nguvu zote zilizobaki. Kikafika. Tukagonga."

Akamgeukia Zabroni, si kwa hasira, ila kama mtu anayetaka kuelewa.

"Mkalia, Mwalimu."

Zabroni hakuutupa wimbo wake, kwa maana watu wanaendelea kufa, na anayekufa kweli anastahili kuimbiwa vizuri. Lakini tangu siku ile hatungi ubeti wa pili kabla hajakwenda mwenyewe mahali penyewe, akasimama, akanyamaza. Kwa ajili hiyo hufika redioni wa pili, mara nyingine wa mwisho. Kwaya ya kijiji cha juu huguswa kabla yake siku zote, na mara moja mtangazaji alisema kwa masikitiko kwamba kwaya ya Mwalimu Zabroni bado haijaguswa. Siku hiyo Zabroni alikuwa nyumbani kwa mtu fulani aliyedhaniwa amekufa, anamlisha uji. Kile kimya bado kimo katika wimbo, mahali pale pale, mkono juu. Ila hakiitwi tena kimya cha machozi, na mwimbaji anayewahi kulia hutazamwa vibaya.

Nanyi mnaonisikiliza, ambao habari huwafikia hata ugali haujapoa, na wimbo huwa tayari midomoni: watakaponyamaza watu kuwasikiliza, na mkono wenu uko juu, je, kimya kile mtakijaza kwa kilio chenu, au mtamwachia anayegonga?